Mpishi Asiyeonja

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, siku hizi hata mikutano ya maofisini: ukitaka biriani ya watu 300 hapa Mombasa, wapo watakaokuelekeza Kibokoni kwangu. Kazi hii niliirithi kwa mamangu pamoja na sufuria zake, miiko yake na kisukari chake. Mwili nao ulikuja wenyewe. Huku kwetu mpishi mwembamba haaminiki, kwa hiyo unene wangu ndio uliokuwa tangazo la biashara, mpaka magoti yalipogoma kupanda ngazi na sukari ikagoma kushuka kwa vidonge.

Daktari akanianzishia sindano ya wiki, semaglutidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la dukani, Ozempic. Faida zake alinieleza kwa utulivu: sukari itashuka, uzito utapungua, moyo utapata nafuu. Madhara aliyapitia mbiombio. "Mama, mwanzo utasikia kichefuchefu kidogo." Kidogo kwa nani, hakusema. Karani akichafukwa na roho anafungua dirisha, anakunywa maji, anaendelea na kazi. Mimi kazi yangu ni kusimama juu ya karai la mafuta nikikaanga vitunguu kilo 30.

Niwaeleze wasiopika biriani. Vitunguu vyake si vile vya kuunga mchuzi. Hukatwa vyembamba, vikatoswa kwenye mafuta mengi fungu kwa fungu, vikageuzwa bila kuachiwa mpaka vishike rangi ya kahawia na vikipoa vivunjike mkononi. Moshi wake unaingia kwenye buibui, kwenye nywele, mpaka kwenye godoro. Maisha yangu yote harufu hiyo ilikuwa harufu ya pesa. Nilipoanza sindano ikanigeuka. Mate yalinijaa mdomoni, kijasho kikanitoka mgongoni, nikajua nikibaki pale nitatapika mbele ya mama wa bibi harusi. Nikamkabidhi msaidizi wangu mwiko, nikaenda kukaa upande wa upepo. Wakati wa kuonja masala ulipofika nilidondosha kidogo kiganjani, kama tufanyavyo siku zote, nikalamba. Ulimi ukasema chumvi na ndimu bado. Koo likafunga, halikutaka hata tone lile lipite.

Aliyenifafanulia mambo ni mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, ambaye ni mfamasia.

"Shangazi," akaniambia, "wewe unafikiri dawa ina kazi yake, halafu kando kuna madhara yake. Kwa sindano hii, mengi ya hayo ni kitu kimoja. Kinachokukondesha ndicho kinachokuchafua roho."

Alivyonieleza ni hivi. Binadamu akila, utumbo wake hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo inaliamsha kongosho litoe insulini sukari inapopanda, inaliambia tumbo lisiharakishe kushusha chakula, na inapeleka habari kwenye ubongo kwamba mwenyewe ameshiba. Tatizo ni kwamba ile ya mwilini huvunjika ndani ya dakika mbili hivi, kwa hiyo haikufaa kuwa dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti mmoja wa New York, Dkt. John Eng, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu mtaa wa Bronx, aligundua kwenye sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila monster kitu kinachofanana na homoni hiyo lakini kinachodumu zaidi. Humo ndimo ilimotoka eksenatidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005, ya kuchomwa mara mbili kwa siku. Semaglutidi haikutoka kwa mjusi. Ni homoni ya binadamu yenyewe iliyotengenezwa upya ili isivunjike haraka. Wiki nzima ikipita, karibu nusu yake bado imo mwilini. Ozempic iliruhusiwa Marekani Desemba 2017 kwa ajili ya kisukari, na dawa hiyo hiyo kwa dozi kubwa zaidi, kwa jina la Wegovy, ikaruhusiwa 2021 kwa ajili ya uzito.

Kwa hiyo weka sinia la biriani mbele ya tumbo la namna hiyo. Chakula cha mafuta hukawia kushuka hata kwa mtu asiyetumia dawa yoyote. Ukiongeza na dawa ya kukikawiza, kinakaa pale kama matatu inayongoja abiria: haiondoki, na wewe uliyemo ndani unazidi kubanwa. Tena dawa inayodumu wiki huwezi kuitoa. Ukishachoma, umechoma, na tumbo likichachamaa utangoja lipoe lenyewe.

Nilimuuliza kama ni mimi tu. Akanionyesha takwimu za utafiti uliochapishwa 2021, wa watu 1,961 wanene wasio na kisukari, waliofuatiliwa kwa wiki 68. Waliopewa semaglutidi ya miligramu 2.4 walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Katika kila watumiaji 100 wa dawa, 44 walipata kichefuchefu, zaidi ya 31 waliharisha, karibu 25 walitapika na 23 walifunga choo. Hata hivyo walioiacha kwa sababu ya tumbo hawakufika watano katika 100. Sisi wenye kisukari huwa hatupungui kiasi hicho. Katika utafiti wa wenzetu wastani ulikuwa asilimia 9.6. Takwimu hizo zilinituliza kuliko maneno ya pole niliyopewa na watu.

Dozi hupandishwa kwa ngazi. Unaanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, kiasi ambacho hakishushi sukari ya kutajika. Ni cha kulizoesha tumbo tu. Halafu 0.5, halafu 1, na kila ngazi si chini ya wiki nne. Kila nilipopanda ngazi kichefuchefu kilirudi kunisalimia, kikakaa siku kadhaa, kikaondoka. Mtu anayerukia ngazi ya juu kwa sababu ana haraka anajitafutia kulazwa.

Siku ya kuchoma nayo ina hesabu yake. Daktari aliniambia nichague siku yoyote, bora iwe ile ile kila wiki. Nilianza na Ijumaa kwa sababu ni siku njema, na Jumamosi, siku yangu ya harusi, nikawa sifai. Kwangu siku mbili za kwanza baada ya sindano ndizo nzito. Mpwa wangu akanielekeza kwamba siku inaweza kuhamishwa mradi zipite zaidi ya saa 48 kati ya sindano na sindano. Sasa nachoma Jumapili usiku, shughuli zikiisha na sufuria zikishasuguliwa. Jumatatu na Jumanne, siku ambazo mpishi hana mteja, ndizo nilizoiachia dawa.

Kula nako nimejifunza upya, na ukubwani si kazi rahisi. Zamani asubuhi yangu ilikuwa mahamri manne na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa. Sasa ni yai la kuchemsha kwanza, halafu hamri moja, na mbaazi zilizopikwa kwa tui jepesi la nazi. Yai linatangulia kwa sababu nafasi ni ndogo, na nikianza na wanga, protini inakosa pa kuingia. Samaki wa kuchoma nakula bila shida; wa kukaanga ananikaa kifuani. Maji nakunywa kwa mafunda madogo mchana kutwa, si glasi nzima juu ya chakula. Sijilazi mpaka saa mbili au tatu zipite tangu kula, la sivyo kiungulia kinaniamsha.

Na mwili una alama yake ya kukwambia basi. Wengine hupiga miayo, wengine pua huchuruzika. Mimi hupata kwikwi moja tu, ndogo, ambayo jirani hawezi kuisikia. Tonge linalofuata kwikwi hiyo ndilo linalonilaza chini. Nimeshajaribu kubishana nayo kwa ajili ya kaimati, na kaimati haikushinda.

Kuna mambo watu hawayasemi kwa sababu ya haya. Mbweu, kwa mfano. Chakula kikikaa sana tumboni hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo haibishi hodi. Nilikuwa ndani ya gari la mteja tukienda kuchagua mbuzi Kongowea, yeye na mumewe mbele, mimi nyuma, ikanitoka. Mume akateremsha kioo kimyakimya, mke akasema barabara hii ina mitaro michafu. Mungu amlipe. Tangu hapo siku za safari sili mayai wala vitunguu, na nakula kidogo zaidi.

Choo nacho. Vidonge vyangu vya kisukari, metformini, kwa miaka vilikuwa vikinikimbiza, sindano ikanifunga, na mkutano wa dawa hizo mbili haukuzaa usawa niliotarajia. Zilipita siku bila kitu. Nikarudi kwenye mboga nilizokuwa nikizipika bila kuzila: mchicha, kunde, bamia, na papai bivu asubuhi. Tumbo lilipokataa hata hivyo, daktari akaniandikia dawa ya maji ya kulainisha choo, na akanisisitizia maji, maji, maji. Sindano inapunguza kiu pamoja na njaa, na katika joto la Mombasa mtu aliyetapika au kuharisha bila kunywa anaweza kuumia figo kabla hajajua anaumwa.

Lakini tumbo si jambo lililonisumbua zaidi. Lililonisumbua ni sinia.

Sisi tunakula watu wanne au watano kwenye sinia moja, kila mmoja mbele yake. Sinia lina adabu zake: huli upande wa mwenzio, hufukui nyama katikati, na mkubwa hanyanyui mkono kabla wengine hawajashiba, kwa sababu mkubwa akinyanyua, wadogo nao wataona haya kuendelea. Sasa mimi kwa umri wangu mara nyingi ndiye mkubwa. Nikila matonge matano na kwikwi ikaja, wasichana watatu wenye njaa yao wanainuka pamoja nami huku nyama bado imo. Na mwenye shughuli akipita akaona sinia limebaki nusu, anauliza kwa upole kuna nini, chakula kibaya? Chakula chenyewe nimekipika mimi!

Nimejaribu njia nyingi. Kutangaza kwamba natumia dawa kulileta mjadala kila meza. Kujifanya nimekula jikoni kuliaminika mara moja tu. Njia iliyodumu ni kuchezesha mkono: nachambua nyama kwenye mfupa pole pole, nawasogezea wenzangu, naminya ndimu, naongeza kachumbari, natia tonge dogo, nazungumza sana. Mkono wangu unabaki siniani mpaka wa mwisho ashibe. Ni kazi ngumu kuliko kupika.

Baada ya sinia, maneno. Nguo zilipoanza kunipwaya na mashavu yakabonyea, wale waliokuwa wakiniambia "umenawiri, mashallah" wakaanza kuuliza kwa sauti ya msibani: "Kulikoni, bibi?" Pwani yetu na bara vilevile, mtu mzima akikonda haraka hapewi hongera. Ilisemwa nina ugonjwa ule wasioutaja. Ilisemwa nimerogwa na mpishi wa mtaa wa pili. Mteja mmoja wa miaka mingi alihamisha harusi ya bintiye akapeleka kwingine, na nilisikia baadaye aliogopa mikono yangu kwenye chakula chake. Hilo liliniuma. Karatasi ya dawa ina orodha ndefu ya madhara kwa herufi ndogo, na hili halimo. Nilichofanya ni kumwambia mwanamke mmoja tu, yule ambaye siri haikai kwake, kwamba natumia dawa ya kisukari. Kabla ya Ijumaa iliyofuata mji mzima ulikuwa unajua, na nusu yao walitaka jina la dawa.

Nywele zilinyonyoka kwenye kitana miezi michache baada ya uzito kuanza kuporomoka, zikaacha zenyewe. Hilo hutokea mwili unapopungua haraka, iwe kwa dawa au kwa njaa. Nguvu ndizo zilizonitia wasiwasi. Uzito unaoondoka si mafuta peke yake. Misuli nayo inakwenda. Nilikuja kujua siku niliposhindwa kuteremsha jikoni sufuria ambalo nimeliteremsha tangu ujana, na kijana aliyekuwa akiosha vyombo akaja kushika upande wa pili bila kuambiwa. Daktari akaniamrisha vitu viwili: protini kila mlo, na mazoezi ya kuinua vitu vizito. Vitu vizito ninavyo. Asubuhi nainua ndoo ya mchele mara kadhaa, wajukuu wakihesabu na kukosea kwa makusudi.

Zipo dalili ambazo si za kuvumilia, na mpwa wangu aliniandikia kwa mkono nikazibandika kwenye mlango wa friji. Maumivu makali ya tumbo yasiyokatika, hasa yakipenya mpaka mgongoni: huenda kongosho limevimba. Maumivu ya kulia chini ya mbavu, homa, macho kuwa manjano: huenda ni mawe kwenye mfuko wa nyongo, ambayo kupungua uzito haraka huyachochea. Kutapika kusikokubali hata maji. Macho kuona vibaya ghafla. Mwenye kisukari, sukari ikishuka kwa kasi, macho yanaweza kuharibika zaidi, ndiyo maana nilipimwa macho kwanza. Kutetemeka na kutoka jasho la baridi: huenda sukari imeshuka mno; sindano peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini ikiunganishwa na insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi inaweza; vyangu vilipunguzwa tangu mwanzo. Mwenye saratani fulani ya tezi ya shingo katika ukoo wake haandikiwi kabisa. Na ukienda kufanyiwa upasuaji, mwambie anayekulaza usingizi kwamba unachoma sindano hii, maana hata kama umefunga tangu usiku, tumbo linaweza kuwa bado na chakula, na kikipanda wakati umelala kitaingia mapafuni.

Kalamu yenyewe ya kuchomea dawa ni mzigo mwingine. Kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Ikishaanza kutumika inastahimili joto la chumba, lakini lisizidi nyuzi 30, na Mombasa ya Februari inazipita hizo bila kuomba ruhusa. Stima ikipotea naihamishia kwenye chombo cha barafu nilichokuwa nikibebea samaki, imefungwa kitambaa isigusane na barafu. Sinunui kwa mtu wa mtandaoni wala kwa msafiri aliyetoka Dubai na mkoba. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa huko zinapenya, huku tusijidanganye.

Ramadhani niliiogopa, ikawa nyepesi kuliko nilivyodhani kwa upande wa njaa, na nzito kwa upande wa maji. Daktari alikataa kunipandishia dozi mwezi wa Shaabani. Alisema nisiingie kwenye saumu na tumbo lisilozoea. Futari yangu ilikuwa tende moja, maji, uji, halafu nikangoja baada ya tarawehe ndipo nikala chakula. Sambusa niliwakaangia wengine.

Niko miligramu 1 na hapo ndipo nimesimama. Sukari imekubali. Magoti yamenyamaza. Daktari alizungumzia kupanda mpaka 2, nikamwambia daktari, tuzungumze mwakani. Najua pia kwamba siku nitakayoiacha sehemu kubwa ya uzito inaweza kurudi. Wale wa utafiti wa 2021 waliofuatiliwa baada ya kuacha, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Kwa hiyo mimi siihesabu kama dawa ya kumaliza chupa. Naihesabu kwenye matumizi ya mwezi, karibu na kodi, na kuna miezi inanitoa jasho kuliko jiko.

Wanaokuja kuniuliza siku hizi ni wengi kuliko wanaokuja kuagiza biriani. Juzi alikuja msichana niliyeahidi kumpikia harusi. Gauni limeshonwa, limembana kiunoni, na harusi ni miezi miwili ijayo.

"Shangazi, nitafutie hiyo sindano."

Nikamuuliza ana kisukari? Hana. Mnene kiasi cha daktari kuingiwa na wasiwasi? Namuona kwa macho yangu, hata. Nikamwambia kupanda ngazi peke yake ni miezi, kwa hiyo siku ya harusi atakuwa katikati ya kichefuchefu, na video inarekodi. Nikamuuliza wanataka mtoto lini. Akatabasamu, akasema haraka, inshallah. Basi dawa hii, nikamwambia, inatakiwa iachwe miezi miwili kamili kabla ya kubeba mimba.

Akafikiri kidogo. "Hiyo yako kwenye friji imebaki kiasi gani? Nichome mara moja tu, sindano nitaleta yangu mpya."

Kalamu haiazimwi, hata ukibadilisha sindano, kwa sababu damu kidogo inaweza kurudi ndani yake, na magonjwa ya damu hayana udugu. Nilimwambia hivyo na nikafunga friji. Akaondoka amenuna. Jioni mamake alinipigia simu, nikajua nitalaumiwa, kumbe alitaka kuniuliza fundi gani hapa mjini anajua kutanua gauni pasionekane mshono.